Mnyama Ambaye Hakuonekana: Herufi za Virusi na Njia za Magonjwa ya Mifugo

Mwaka 1994 nyati na tandala wadogo wa Tsavo, nchini Kenya, walianza kufa. Tandala wengi walikuwa wameharibika macho: mboni imefunikwa na weupe, machozi na tongotongo vimekaukia usoni, na baadhi yao hawakuona kabisa. Madaktari wa mifugo walishuku sotoka, na vipimo vikathibitisha. Kilichowashangaza kilikuwa nje ya mipaka ya hifadhi. Ng'ombe wa wafugaji wa jirani walikuwa wanaendelea na malisho yao. Waliougua waliugua kidogo tu, kisha wakapona.

Kwa mfugaji wa Afrika Mashariki jambo hilo lilikuwa kinyume cha yote aliyosimuliwa na wazee. Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mwaka 1887, ikashuka kusini hadi Rasi ya Tumaini Jema katika muda wa miaka kumi hivi, na mahali pengi iliua ng'ombe tisa kati ya kila kumi. Njaa iliyofuata iliua watu pia. Hiyo ndiyo sotoka iliyojulikana: ukiingia bomani huhitaji mtaalamu wa kukuambia kuna nini. Sasa ilikuwaje sotoka imuue tandala na imwache ng'ombe?

Sampuli zilipelekwa Pirbright, kusini mwa Uingereza, kwenye maabara ya rejea ya ugonjwa huo. Huko kipande kifupi cha jeni moja ya kirusi kilisomwa herufi kwa herufi, kikalinganishwa na vipande vya virusi vya zamani vilivyohifadhiwa kwenye majokofu. Wataalamu walikuwa wamezoea kuzigawa sotoka za Afrika katika koo mbili. Ukoo wa kwanza ndio uliokuwa bado unasumbua Sudan na Ethiopia. Ukoo wa pili ulihesabiwa kuwa umekwisha. Ulikuwa haujapatikana kwenye sampuli yoyote tangu miaka ya 1960, na mojawapo ya kumbukumbu zake ni kirusi kilichotolewa kwa twiga wa Kenya mwaka 1962. Kirusi cha Tsavo kilikuwa cha ukoo huo wa pili.

Hapa ndipo hesabu inapokuwa nzito. Kirusi cha sotoka hakijifichi ardhini miaka na miaka kama kimeta kinavyofanya. Hakina yai wala mbegu. Huishi kwa kutoka mnyama mmoja kwenda mwingine, na mnyama aliyepona hakibebi tena. Kama kilikuwepo mwaka 1962 na kikaonekana tena 1994, basi katika kila wiki ya miaka ile thelathini na zaidi kulikuwa na mnyama mahali fulani aliyekuwa anaumwa sotoka, na hakuna aliyemwandika. Macho yakageukia malisho ya Wasomali, upande wa kaskazini-mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia, ambako ng'ombe walikuwa wanapata homa nyepesi isiyomtisha mtu. Mwaka 1997 sotoka nyepesi ya namna hiyo ilipatikana pia kwa ng'ombe wa kaskazini mwa Tanzania.

Mhadhara huu unawahusu wanyama wa aina hiyo, wale ambao ugonjwa ulipita kwao bila mtu kuwaona. Vipimo vya vinasaba husifiwa zaidi kwa kutaja jina la ugonjwa haraka. Sifa hiyo ni ya haki, lakini daktari mzoefu wa mifugo mara nyingi hulitaja jina akiwa bado mlangoni pa zizi. Asichoweza kukijua kwa macho wala kwa kupapasa ni ugonjwa huu umetoka zizi gani, na umepitia mazizi mangapi kabla ya kufika hapa.

Wanaochunguza tenzi za pwani, wakipata nakala nne za utenzi mmoja zilizoandikwa kwa mkono huko Lamu, Pate, Mombasa na Unguja, hutazama kwanza makosa. Nakala mbili zenye kosa lile lile katika ubeti ule ule zina asili moja. Ile iliyoongeza kosa jipya juu ya lile la zamani imekuja baadaye. Virusi navyo husomwa vivyo hivyo. Kila kirusi kinapozaana ndani ya mnyama hunakili maandishi yake, na katika kunakili hukosea herufi moja hapa, moja pale. Makosa mengi hayana madhara wala faida, hivyo hubaki na kurithiwa. Anayeyasoma anaweza kuchora ukoo wa virusi vyote alivyo navyo, na akijua kasi ya kukosea anaweza kukadiria mzee wao wa pamoja aliishi lini.

Vitabu vyenyewe, yaani jenomu, maandishi yote ya kirusi, havilingani. Kirusi cha ugonjwa wa miguu na midomo kina herufi kama 8,300, na hukosea ovyo. Cha kichaa cha mbwa kina kama 12,000 na hukosea kwa kiasi. Cha homa ya nguruwe ya Afrika ni cha DNA, kina herufi kati ya 170,000 na 190,000, na hunakili kwa uangalifu mkubwa hivi kwamba virusi vilivyopishana miaka mingi hutofautiana kwa herufi chache sana. Tofauti hizi ndizo zinazoamua swali gani linaweza kuulizwa. Kwa miguu na midomo unaweza kuuliza shamba lipi limeliambukiza shamba lipi. Kwa homa ya nguruwe mara nyingi huishia kuuliza imetoka nchi gani.

Kabla ya kusoma huja PCR, ambayo haihitaji maelezo marefu siku hizi. Watu waliochokonolewa pua wakati wa UVIKO-19 wanaijua. Inatafuta kipande maalumu cha maandishi, inakizidisha mara mamilioni, na kujibu kama kipo au hakipo. Kusoma maandishi yenyewe, herufi ya kwanza hadi ya mwisho, ni kazi nyingine inayofuata baada ya hapo, na ndiyo inayochora koo.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa shamba kwa shamba ulitokea Uingereza, na una kejeli yake. Tarehe 3 Agosti 2007 ugonjwa wa miguu na midomo ulithibitishwa katika shamba moja la Surrey. Taifa zima lilishtuka, maana miaka sita tu nyuma, mwaka 2001, ugonjwa huo huo ulisababisha mifugo zaidi ya milioni 6 kuchinjwa. Kirusi kiliposomwa kikaonekana ni aina ya mwaka 1967, aina ambayo haikuwa ikizunguka kwa mifugo popote duniani wakati huo. Ilikuwa inaishi maabara tu. Na kilomita chache kutoka shamba lile palikuwa na Pirbright, ile ile iliyosoma sotoka ya Tsavo, ikiwa katika eneo moja na kiwanda cha chanjo. Uchunguzi rasmi ulielekeza lawama kwenye mabomba chakavu ya majitaka ya eneo hilo, mvua kubwa za Julai, na magari ya ujenzi yaliyobeba tope kwenda nje.

Mlipuko ulionekana kuisha mwezi huo huo wa Agosti. Kisha Septemba 12, hatua za udhibiti zikiwa zimelegezwa, ng'ombe wakaugua tena katika shamba lingine, Egham, umbali wa kilomita kadhaa. Je, bomba lilikuwa limevuja mara ya pili?

Wataalamu walisoma jenomu nzima ya kirusi kutoka kila shamba. Kutokana na mlipuko wa 2001 walikuwa wanajua kwamba kirusi hiki kikihama kutoka shamba moja hadi jingine hupata kwa wastani mabadiliko manne hivi. Kirusi cha Septemba kilikuwa kimebeba makosa yale yale ya Agosti, kwa hiyo kilikuwa mtoto wa mlipuko wa kwanza, wala hakikutoka upya kwenye bomba. Lakini kilikuwa kimeongeza makosa mengi mno kwa safari moja ya moja kwa moja. Kati ya Agosti na Septemba palikuwa na shamba, au mashamba, ambayo hayakuwa kwenye orodha.

Shamba hilo lilipatikana. Wakaguzi wakipima mifugo ya eneo lile waliwakuta wanyama wenye vidonda vilivyokwisha kupona na kingamwili kwenye damu. Walikuwa wameugua wiki kadhaa nyuma bila kuripotiwa. Jenomu ya kirusi chao ikakaa pale pale palipokuwa na pengo. Mlipuko mzima uliishia mashamba manane, na ni vigumu kudhani ungekuwa mdogo hivyo kama wakubwa wangeendelea kuhangaika na bomba huku ugonjwa uko malishoni.

Kuna watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya, ambako kila ng'ombe ana kipuli cha namba sikioni. Kisiwa cha Pemba kinajibu.

Pemba, kwa sensa ya 2012, ilikuwa na watu zaidi ya laki nne na mbwa wachache kwa kulinganisha na idadi hiyo. Kichaa cha mbwa kilikuwepo. Mtu aliyeng'atwa hufika kituo cha afya, huandikwa kwenye daftari, na kama chanjo ipo huchanjwa. Kuanzia mwaka 2010 watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Afya ya Ifakara na wa Chuo Kikuu cha Glasgow, walifanya jambo ambalo kwa kulitaja linaonekana jepesi: walilifuata lile daftari hadi nyumbani. Aliyeng'atwa anaulizwa mbwa gani, wa nani, lini, alikuwaje. Mwenye mbwa anaulizwa mbwa wake naye aling'atwa na nani kabla ya hapo, na alipokwisha kupata wazimu aling'ata nani, ng'ombe yupi, mbuzi yupi. Kila jibu linafungua nyumba nyingine. Mbwa akifa na mzoga ukapatikana, huchukuliwa sampuli ya ubongo kupitia tundu la nyuma ya fuvu, pale shingo inapoungana na kichwa, bila haja ya kupasua fuvu kwa shoka. Mrija mdogo unatosha.

Kazi hiyo iliendelea hadi 2020. Maelezo ya watu yalipounganishwa na jenomu za virusi, picha ikawa hivi. Tangu 2010 kulikuwa na minyororo mitano ya maambukizi ikienda sambamba kisiwani, kila mmoja na ukoo wake. Mtu aliyesimama Chake Chake na kuhesabu wagonjwa angeona mlipuko mmoja. Herufi zilionyesha mitano. Kampeni za kuchanja mbwa kisiwa kizima zilipoanza na kuboreshwa mwaka hadi mwaka, minyororo hiyo ilikatika mmoja baada ya mwingine, na kufikia Mei 2014 yote ilikuwa imekwisha.

Kisha kikatokea kile kinachotokea sana ugonjwa unapotoweka: chanjo ikalegalega. Mwishoni mwa 2016 mbwa wenye kichaa wakaonekana tena.

Mtu mwenye akili timamu angesema ugonjwa haukuwa umekwisha, ulikuwa umejificha tu Micheweni au msitu wa Ngezi, na kwamba zile kampeni za chanjo zilikuwa hasara. Maneno ya namna hiyo yana uzito yakisemwa kwenye kikao cha bajeti. Jenomu zilisema vingine. Virusi vya 2016 havikuwa watoto wa minyororo mitano ya zamani. Vilikuwa vimeingia kisiwani upya, tena mara mbili, kwa njia mbili tofauti. Chanjo ya awali ilikuwa imefanya kazi yake yote. Kilichokosekana ni kuiendeleza na kuangalia mlango wa baharini, maana mbwa hupanda chombo kama abiria mwingine yeyote. Chanjo ya kisiwa kizima ikarudishwa, na Oktoba 2018 mlipuko huo nao ukakatika.

Watafiti walipiga hesabu ya fedha pia, na hesabu hiyo inahitaji kusomwa kwa makini. Chanjo ya mtu aliyekwisha kung'atwa iligharimu kama dola 256 kwa kila kifo kilichozuiwa. Mpango unaochanganya chanjo hiyo, bila malipo, pamoja na chanjo ya mbwa ya kila mwaka uligharimu dola 1,657. Mhasibu anayetazama namba mbili hizo peke yake atanunua chanjo za binadamu na kufunga faili. Ila chanjo ya binadamu haimgusi mbwa. Mwaka ujao mbwa watang'ata tena, daftari litajaa tena, na dola 256 zitatafutwa tena bila mwisho. Kwa mujibu wa hesabu hiyo hiyo, Pemba ikibaki bila kichaa cha mbwa, familia zaidi ya thelathini kila mwaka huepushwa na kung'atwa na mbwa mwenye ugonjwa.

Upande wa bara, Lindi na Mtwara, swali lilikuwa lingine. Huko wanyamapori, hasa mbweha, walikuwa zaidi ya asilimia 40 ya wanyama waliobainika kuwa na kichaa, kiwango kikubwa kuliko kinavyozoeleka Tanzania. Kama mbweha wana ugonjwa wao wenyewe unaojiendesha porini, kuchanja mbwa kungekuwa kazi ya kuteka maji kwa pakacha. Jenomu zilionyesha koo zile zile kwa mbweha na kwa mbwa, zikivuka huku na huku, na chanjo ya mbwa ilipofanyika ugonjwa ulipungua kwa wote. Matokeo hayo hayamalizi mjadala wa mbweha, lakini yaliwapa maofisa mifugo wa mikoa hiyo sababu ya kutokata tamaa.

Inafaa kusema hapa mahali ambapo sifa za kipimo hiki huzidishwa. Kwa kuwa kirusi cha kichaa cha mbwa hubadilisha herufi chache tu kwa mwaka, mbwa mmoja anaweza kumwambukiza mwingine, naye mwingine, na jenomu zote tatu zikawa sawasawa. Herufi zikinyamaza hivyo, anayejua nani alimng'ata nani ni yule aliyepiga hodi. Katika Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, kazi kama ile ya Pemba ilifanywa kati ya 2002 na 2016 na kukusanya habari za maambukizi zaidi ya 3,600 ya wanyama. Hakuna mashine inayoweza kutoa habari hizo kutoka kwenye tone la majimaji. Kuna mabwana mifugo waliotembea vijiji vile kwa pikipiki na kwa miguu, wakisikiliza wazee wakieleza mbwa wa fulani aliyeonekana akitoka mate siku ya mnada, na kazi yao haitajwi vya kutosha magazeti yanaposifu teknolojia.

Tena, ukoo unachorwa kwa sampuli zilizofika maabara, na sampuli hufuata lami. Wilaya yenye barabara nzuri, umeme wa jokofu na ofisa mwenye mafuta ya pikipiki huonekana kwenye mti wa koo kuwa na ugonjwa mwingi. Wilaya ya pembeni haionekani kabisa, na asiyejua atadhani ni salama.

Sotoka ilionyesha pengo la miaka. Kuna magonjwa yanayoonyesha pengo la bahari. Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1931, kutoka kwa kondoo wa karibu na ziwa Naivasha. Baada ya mvua za El Niño ilizuka vibaya mwaka 1997 na 1998 Kenya, Somalia na Tanzania. Septemba 2000 ikazuka Saudi Arabia na Yemen, na hapo ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa nje ya Afrika na visiwa vyake. Vinasaba vilionyesha kirusi kinachokaribiana mno na kile cha Afrika Mashariki cha 1997 na 1998. Kwamba mbuzi na kondoo huvuka kutoka Pembe ya Afrika kwenda Arabuni kila mwaka, kwa wingi zaidi kabla ya hija, halikuwa jambo la siri. Bado palibaki miaka miwili isiyoelezeka: kirusi kilivuka mapema kikakaa kimya kati ya mbu na mifugo ya huko, au kilivuka mwaka ule ule?

Jibu la kisiasa halikungoja jibu la kisayansi. Saudi Arabia ilifunga mlango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika, na wafugaji wa Somalia, ambao riziki yao yote ipo kwenye meli zile, walikaa na marufuku hiyo kwa miaka. Kisa hiki kinaeleza kwa nini baadhi ya serikali husita kupeleka sampuli nje au kutangaza matokeo. Mfuatano wa herufi ukishachapishwa unaweza kusomwa na mwanasayansi, na unaweza kusomwa na mfanyabiashara mshindani pia. Kuwalaumu wanaosita ni rahisi kwa mtu asiye na ng'ombe wa kuuza.

Homa ya nguruwe ya Afrika nayo ilisafiri, kwa njia ndefu zaidi. Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1921 kutokana na nguruwe wa walowezi wa Kenya waliokuwa wakifa baada ya kukaribiana na ngiri. Ngiri hubeba kirusi bila kuugua, na papasi wanaoishi kwenye mashimo yao hukihifadhi. Virusi vyake vimegawanywa katika makundi zaidi ya ishirini kwa kusoma jeni moja, na karibu makundi yote yako mashariki na kusini mwa Afrika, kwenye asili yake. Mwaka 2007 nguruwe walianza kufa Georgia, karibu na bandari ya Poti kwenye Bahari Nyeusi. Kirusi kilikuwa cha kundi la II, lile la Msumbiji, Madagaska na Zambia. Meli ndizo zilizoshukiwa, pamoja na mabaki ya vyakula yanayotupwa bandarini na kuliwa na nguruwe wanaozurura. Kutoka hapo kikaenda Urusi, kikaenda Ulaya ya Mashariki, na Agosti 2018 kikafika China, nchi yenye nguruwe wengi kuliko zote.

Tanzania ilikuwa na hadithi yake ndogo ndani ya hiyo kubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, waliposoma virusi vya milipuko ya 2010 hadi 2012, iliyoanzia upande wa Mbeya, walikuta kundi la II. Waliposoma vya mlipuko wa 2013 kaskazini, walikuta kundi la X, ambalo ni la zamani katika ukanda huu. Kwa mfugaji, kifo cha nguruwe ni kile kile. Kwa anayeweka vizuizi barabarani tofauti ni kubwa, kwa sababu kizuizi kwenye barabara ya kutoka Mbeya hakingezuia chochote cha kaskazini; moto wa kaskazini ulikuwa na kuni zake.

Katika vingi vya visa hivi sampuli za kwanza zilikuwa na tabia ya kupanda ndege. Sotoka ya Tsavo ilisomwa Uingereza. Homa ya nguruwe ya Georgia pia. Majibu yalirudi baada ya wiki au miezi, wakati mwingine yakiwa makala ya jarida badala ya simu kwa daktari wa wilaya. Hilo limeanza kubadilika. Tangu katikati ya muongo uliopita kumekuwa na mashine ya kusomea vinasaba inayoingia kiganjani. Ndani yake kuna utando wenye vitundu vidogo mno, kila kitundu kikipitisha mkondo wa umeme. Uzi wa vinasaba ukipenya kitundu, kila kundi la herufi huusumbua mkondo kwa namna yake, na kompyuta ndogo hutafsiri usumbufu huo kuwa maandishi. Jenomu kamili za kichaa cha mbwa zimekwisha kusomwa kwa mashine hiyo Tanzania na Kenya kwenyewe.

Wanaoisifu husahau kutaja kinachoizunguka. Mashine ni ndogo, lakini vibati vinavyotumika ndani yake huagizwa nje, hutunzwa kwenye baridi ya jokofu na huharibika vikikaa. Kemikali vilevile. Mzigo ukilala siku kadhaa kwenye joto la ghala la forodha, hakuna kitakachosomwa hata kama mtaalamu amesomea hadi mwisho. Na kabla ya hayo yote lazima kuwe na ubongo wa mbwa, ambao kwenye kijiji chenye hofu umekwisha kufukiwa au kuchomwa moto kabla ofisa hajafika, jambo ambalo kwa upande wa wanakijiji ni la busara kabisa.

Sotoka ya ng'ombe ilionekana kwa mara ya mwisho mwaka 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya. Mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa huru nayo, ikiwa ugonjwa wa pili kufutwa baada ya ndui. Ugunduzi wa Tsavo ulichangia hapo: juhudi zilielekezwa kwenye malisho ambako hakuna aliyekuwa analalamika. Mwaka 2019 Pirbright iliharibu akiba yake ya mwisho ya virusi hivyo, baada ya kuvisoma kwanza, hivyo sotoka yake sasa ni faili kwenye kompyuta.

Ndugu yake bado yupo. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa rasmi Tanzania mwaka 2008, Ngorongoro. Damu ya mbuzi iliyokuwa imehifadhiwa tangu 2004 ilipopimwa baadaye ilikutwa na kingamwili zake. Miaka minne ilikuwa imepita bila jina kutajwa, pengine mbuzi wakihesabiwa kuwa wamekufa kwa homa ya mapafu. Kirusi hiki kina koo nne duniani, na Tanzania imepatikana na zaidi ya mmoja. Mashirika ya kimataifa yameweka mwaka 2030 kuwa lengo la kuufuta ugonjwa huu. Kadiri mwaka huo unavyosogea na chanjo ikienea, wagonjwa watapungua hadi kufikia kundi moja la mbuzi hapa, jingine kule, miezi ikipita katikati. Hapo kila kundi litalazimisha swali lile la Pemba, la mkaazi wa zamani au mgeni aliyeingia jana, na jibu litategemea kama bwana mifugo wa kata ile alikuwa na kijiti cha pamba, kichupa cha dawa ya kuhifadhia na nauli ya kukifikisha maabara.